Kisanduku Kilichosoma Sifuri

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeanza kuokoa watu. Naandika mapema ili baadaye asije mtu akasema yeye ndiye alianza.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita, kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Mzee Magesa nje kidogo ya Mwakitolyo, watu wawili walizimia chini kwa hewa mbaya. Walivutwa juu na kamba kama viroba vya mpunga. Walipona, Mungu ni mkubwa. Mmoja ni Donatus, kaka yake mke wangu Mama Blessing, yaani shemeji yangu wa damu kabisa. Mpaka leo akipanda ngazi tatu za kanisa anahema. Kikundi cha wachimbaji kikafunga shimo. Hashuki mtu mpaka kipatikane kipima hewa.

Mzee Magesa, mwenye duara, alikuwa na simu sikioni anaagiza cha dukani kutoka Mwanza. Nikampa shikamoo, nikamwambia akate simu. Cha nini kununua wakati mimi Sostenes nipo? Mimi niliyeishi Kariakoo miezi sita na kulala Nairobi siku mbili? Nitakiunda mwenyewe. Jumamosi kitashuka shimoni. Akanitazama, akakata simu.

Walionisikia hawapungui ishirini. Mwigulu alikuwepo. Huyu ni fundi wa kibanda kinachotazamana na changu. Alisoma chuo, na hapendi mtu asahau. Alicheka kwa pua.

Vifaa ninavyo. Kisanduku chenye chipu ndogo. Kihisi cha hewa mbaya. Taa ya kijani, taa nyekundu, king'ora. Programu ya kusoma kihisi nimeishusha mtandaoni, imeandikwa kwa lugha ya C. Kilichobaki ni kuigeuza iwe ya mashine. Dakika kumi. Nikaigeuza kwenye kompyuta yangu, ikatembea kama maji. Nikaihamishia kwenye kisanduku. Kikakataa. Kinasema hakielewi hata neno moja.

Kumbe chipu si ndugu. Kompyuta yangu ni Msukuma, kisanduku ni Mzinza. Nimempikia Mzinza maneno ya Kisukuma, ananitolea macho tu. Inabidi kompyuta yangu itunge kwa Kizinza bila yenyewe kukizungumza. Kwa hiyo inahitajika kompaila maalumu, na maktaba ya C maalumu ya kisanduku. Kompaila ndiyo inayotafsiri. Maktaba ndiyo yenye maneno yote ya kawaida ambayo programu inayaazima. Haya. Kesho.

Jioni kapita Donatus. Kasema amefurahi sana, shemeji, kwamba Jumamosi tutashuka wote. Nikamuuliza wote nani. Kasema si ndiyo mila. Kitu kipya hushuka na aliyekileta. Aliyeleta kamba mpya alishuka nayo. Aliyeleta bulowa ya kupuliza hewa alishuka nayo. Hata mshona viroba walimshusha hatua tano wakampandisha, kwa heshima.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Mita thelathini kwenda chini. Mimi choo cha shimo chenyewe naingia nimeshikilia mlango.


Jumanne, 4 Machi

Usingizi haukuja. Nikifumba macho naona kamba.

Asubuhi nimeanza kuijenga kompaila ya Kizinza. Saa nne nzima feni ya kompyuta inalia kama karasha la kusagia mawe. Maandishi yanapita kwenye kioo mbio mbio. Wateja wakasimama kutazama, nami nikakunja uso kama mtu anayeyaelewa. Mwigulu akasogea mlangoni kwake kuona. Nikamgeuzia kioo vizuri ili aone kabisa.

Mbele yake hapo hapo ikasimama. Inasema haiwezi kumaliza bila maktaba ya C ya kisanduku. Sawa, nikaenda kuijenga maktaba. Maktaba inasema haiwezi kuanza bila kompaila ya kisanduku. Nikarudi kwa kompaila. Inataka maktaba. Nikarudi kwa maktaba. Nimezunguka hivyo mpaka adhuhuri. Hakuna mwongo, na hakuna anayetaka kutangulia.

Nyumbani nilishindwa kula. Mama Blessing akaniuliza nina nini. Nikamweleza kwa kifupi, kwa kuwa mambo haya ni mazito kwa mtu ambaye hajafika Nairobi. Akasema mbona ni kama posa yetu. Baba yake kule Ushirombo alisema ng'ombe kwanza, binti baadaye. Baba yangu mdogo, mwenye ng'ombe, akasema binti kwanza nimwone hapa nyumbani, ng'ombe baadaye. Tulikaa mwaka. Akauliza, "Kwani tulitokaje pale, Baba Blessing? Si mlipeleka nusu?"

Tulipeleka nusu. Ng'ombe wanne. Wakaniruhusu nije naye kusalimia, baba mdogo akamwona, akatoa waliobaki.

Nikaacha ugali nikakimbia kibandani. Na kweli ipo! Unajenga kompaila nusu, isiyodai maktaba. Hiyo nusu inajenga maktaba. Kisha unarudi kuijenga kompaila nzima juu ya maktaba ile. Nimeligundua jambo hili peke yangu.

Umeme ukakatika saa kumi. Hofu ikarudi ilipokatika feni.


Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre kaniweka jivu kwenye paji akasema kumbuka wewe u mavumbi na mavumbini utarudi. Waamini wengine aliwaambia harakaharaka. Mimi naapa alitulia kidogo.

Sikufuta jivu. Labda Mzee Magesa akiniona nalo Jumamosi atanihurumia.

Kompaila nusu imekamilika saa tano. Maktaba ikaanza kujengwa. Kila baada ya muda inasimama kulalamika. Inakosa faili hili, inakosa faili lile. Haya ni mafaili ya orodha, yanayoieleza programu kila kitu kimewekwa wapi ndani ya mashine. Mengine nimeyatafuta kwa haki. La kumi na moja nikachoka. Nikakumbuka kwamba kompyuta yangu nayo ina maktaba ya C, na orodha zake zote zimejaa tele, zimekaa bure.

Mwigulu alikuwa anapita kwenda kununua chapati. Akachungulia, akasema, "Fundi, usije ukachanganya mafaili ya kompyuta yako na ya kisanduku. Yatanyamaza, lakini yatakuumiza."

Nikamwambia asante sana, mwalimu. Alipopita nikayanakili yote. Wivu ni ugonjwa. Maktaba ni maktaba.

Na malalamiko yakaisha. Yote. Kimya kizuri ajabu. Ilijenga mpaka mwisho bila kusema neno.


Alhamisi, 6 Machi

TAA YA KIJANI.

Kimewaka saa tatu asubuhi. Kisanduku kimeipokea programu, kimeisoma, taa ya kijani imewaka, namba kwenye kioo kidogo inasema sifuri. Sifuri maana yake hewa safi. Na hewa ya kibandani kwangu ni safi. Ukweli mtupu!

Nimekizungusha sokoni kifuani kama mtoto wa ubatizo. Kwa muuza mchele, sifuri. Kwenye stendi ya magari ya Kahama, sifuri. Donatus alikishika kwa mikono miwili. Kisha akasema tangu siku ile akilala anasikia kifua kinabanwa, ila leo atalala. Wabeja, shemeji, akanishukuru. Wabeja sana.

Nikamwambia asijali. Nilifurahi mpaka machozi. Mimi moyo wangu ni mkubwa, ndilo tatizo langu pekee.

Nilikiwasha tena jioni jikoni nimwoneshe Mama Blessing. Alikuwa anawasha jiko la mkaa, mlango ameurudishia kwa sababu ya mvua. Mkaa mbichi, moshi umetanda. Mama Blessing akaanza kukohoa, akasema kichwa kinamgonga. Nami changu kikaanza kugonga. Nikatazama kisanduku.

Kijani. Sifuri.

Nikakisogeza karibu na jiko. Sifuri. Nikakishikilia juu ya mkaa mpaka kona ya plastiki ikaanza kulainika. Sifuri.

Nikafungua mlango, nikamtoa Mama Blessing nje, tukasimama mvuani. Akauliza kwani kuna nini. Nikasema hakuna kitu, mvua ni nzuri.

Nikaikumbuka stendi ya magari. Magari sita yananguruma, nami nimesimama kati ya mabomba ya moshi nikishangilia sifuri.


Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua kila kitu, nimefunga kila kitu. Nimejenga upya mara tatu. Sifuri, sifuri, sifuri. Hakuna kosa hata moja linaloandikwa. Ningepata kosa ningelibusu.

Mzee Magesa tangu asubuhi ameshusha pampu ya petroli katikati ya shimo kutoa maji ya mvua, ili kesho kuwe kukavu. Pampu ile ile. Moshi wake ndio uliomlaza Donatus mwezi uliopita. Nasikia mngurumo wake mpaka hapa. Kila ngurumo naihesabu.

Mpango wa kwanza. Nimejifunga bandeji mguu wa kulia, nikaenda kwa Mzee Magesa nachechemea, nikamwambia nimeanguka. Akanipa pole. Akasema bahati nzuri shimoni hatutembei, tunakaa kwenye kitanzi cha kamba. Akaniuliza kwa nini jana mguu ulikuwa mzima na jivu la Jumatano bado nimelitunza.

Mpango wa pili ulikuwa mgumu zaidi, wa kusema kweli. Nikaondoka, nikazunguka msikitini, nikarudi. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mzee wangu, kisanduku ni kibovu, agiza cha Mwanza. Maneno manane. Nikaingia, nikamkuta Mwigulu amekaa kwenye kiti anakunywa chai.

Mzee akaniuliza ninasemaje. Mwigulu akashusha kikombe kusikiliza.

Nikasema nimekuja kuwaambia kwamba kisanduku ni kizuri kuliko nilivyotarajia.

Sijui nani aliyesema. Ni mdomo wangu, lakini mimi sikuwepo.

Nimeandika wosia nyuma ya daftari hili. Redio apewe Mama Blessing. Vifaa vya kibandani viuzwe, ila bisibisi ndogo apewe Donatus. Kama Donatus atakuwepo. Hapo ndipo kalamu ilipokwama. Mimi nikishuka kwanza na kufa, hilo ni la kwangu. Lakini yeye atakuwa nyuma yangu kwenye kamba ya pili, anaiamini taa ya kijani.

Mpango wa tatu. Mama Blessing ana kuku mtetea mwekundu. Wazee wa machimbo ya zamani walikuwa wakishusha kuku. Kuku hana maktaba.


Jumamosi, 8 Machi

Niko hai. Naandika haya kwanza.

Nilifika nimevaa koti kubwa, kuku ndani yake. Watu wengi. Mwigulu mbele kabisa, mikono kifuani. Donatus ananifundisha kamba. Ukivuta mara moja, wanasimamisha. Mara mbili, wanateremsha. Mara tatu, wanapandisha. Nikamrudishia vizuri kabisa, mara tatu. Koti likalia kwa sauti ya kuku. Mzee Magesa akauliza kuku wa nini. Nikasema ni wa kulinganisha, kitaalamu. Mzee akamtazama Mwigulu. Mwigulu akatazama juu.

Wakasali. Wakanikalisha kwenye kitanzi. Pampu walikuwa wameitoa alfajiri. Nikashuka.

Mwanga wa juu ukawa sinia, ukawa sahani, ukawa kisosi. Matimba, magogo ya kuzuia kuta, yanadondosha maji shingoni. Harufu ya petroli. Nimetubu dhambi zangu zote mpaka za darasa la tatu, na sehemu ya dhambi za Mwigulu. Kisanduku kwenye mkono wa kushoto. Kijani. Sifuri. Kuku kwenye mkono wa kulia, macho wazi.

Sijui ilikuwa mita ya ngapi. Kichwa kikaanza kugonga kama juzi jikoni. Nikamtazama kuku. Akafumba jicho moja. Akafumba la pili. Shingo ikalala kwenye mkono wangu kama kitambaa kilicholowa.

Kisanduku: kijani, sifuri.

Nikavuta kamba. Ngapi? Sikumbuki. Nilivuta kama anayepiga kengele ya kanisa. Wakanisimamisha. Wakaniteremsha. Wakanisimamisha. Wakanipandisha kidogo. Wakaniteremsha tena. Nikawa nakwenda juu na chini kama ndoo. Nikapiga kelele, zikatoka kama za mbuzi. Ni Mwigulu, nimeambiwa baadaye, aliyesema achaneni na hesabu, vuteni tu.

Nilipotoka mdomoni mwa shimo, Donatus alikuwa tayari amejifunga kamba ya pili. Miguu yake ilishaning'inia ndani. Nikaiona ile miguu. Nikaikumbatia yote miwili hapo kwenye matope, nikasema asishuke mtu. Nikasema kisanduku kinadanganya. Nikasema tangu Alhamisi najua. Mimi ndiye niliyekifundisha kudanganya, na nilijua.

Winchi ya kamba ikasimama.

Donatus hakunipiga. Alijifungua kamba polepole, akakaa chini, akaanza kuhema. Nilitamani anipige.

Mzee Magesa aliinama akachukua kisanduku. Taa ya kijani inawaka vizuri. Akasema, "Unaona, mwanangu. Ndiyo maana kitu tunakishusha na aliyekileta."

Kuku akapiga chafya, akasimama, akatembea akiwa amelewa kuelekea nyumbani. Mama Blessing alikuwa amesimama njiani. Alimwangalia kuku. Kisha akaniangalia mimi.


Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa, Mzee Magesa alinipeleka kwa Mwigulu kama anayempeleka mtoto shule. Mwigulu akafungua kompyuta yangu, akatazama kama dakika tano, akauliza orodha hizi nimezitoa wapi. Nikasema ni za maktaba. Akauliza maktaba ipi. Nikamwambia maktaba ni maktaba.

Akavuta pumzi. Akasema fikiria duka. Kompyuta yako ni duka kubwa, rafu nane. Kisanduku ni kiduka, rafu nne. Wewe umeipa programu orodha ya duka kubwa, ukaiingiza kwenye kiduka. Kihisi kinaweka namba rafu ya nne. Programu inasoma orodha, inakwenda rafu ya nane, haikuti kitu, inarudi na sifuri. Haioni kosa, kwa hiyo hailalamiki. Malalamiko yale uliyoyanyamazisha Jumatano ndiyo yalikuwa yanakuambia.

Nilielewa kabisa. Niliumia zaidi kwa sababu hakucheka kwa pua.

Akafuta yote. Kompaila nusu, nikamwonesha mimi hiyo, akasema vizuri. Maktaba, kwa orodha zake yenyewe. Kompaila nzima. Programu. Akafungia orodha za kompyuta yangu zisionekane. Ilipogoma alisoma kwa nini imegoma, akarekebisha, akaendelea. Mambo ya kuchosha kwelikweli. Saa sita nzima tulikuwa pale.

Tukakipeleka juu ya jiko la mkaa la Mama Blessing. Kikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nyekundu. Tukakishusha shimoni kwa uzi, peke yake. Nyekundu. Wakaweka bulowa saa nzima, wakakishusha tena. Kijani, na safari hii Mwigulu ndiye aliyekaa kwenye kitanzi kabla mtu hajamwomba. Donatus akamfuata. Walitoka wote wawili wakicheka. Nilikuwa nimeshikilia kamba kwa mikono yote, viganja vimechubuka.

Nimeapa. Sitanyamazisha lalamiko. Sitachanganya mafaili. Sitamkatisha mtu simu. Nimeapa mbele ya Mama Blessing, Donatus na kuku.


Jumatatu, 10 Machi

Sifa zimefika ziwani!

Mchana amekuja mama mmoja anaitwa Justa, mwenye mitumbwi mitatu Nkome, kule ziwani. Kasikia kwamba Mwakitolyo kuna fundi aliyeshuka shimoni na mashine yake mwenyewe kifuani, akawazuia watu wasife. Sikuona sababu ya kumkatisha. Hadithi ni yake.

Anataka kisanduku cha kuwaonya wavuvi wake upepo mkali unapokuja. Juzi ulimpindulia mtumbwi, watu walikaa wameushikilia mpaka wakaokolewa. Alikuwa anaelekea kwa Mwigulu kuulizia cha kununua. Nikamwambia Mama, cha nini kununua? Mimi niliyelala Nairobi siku mbili. Jumamosi.

Chipu niliyoipata kwa kisanduku chake ni ya aina nyingine kabisa, sijawahi kuiona. Lakini maktaba ya kisanduku cha Magesa tayari ninayo, imekamilika, imejengwa kitaalamu. Kuanza upya ni kupoteza wiki. Nimeshanakili orodha zote. Kimya kizuri. Haikulalamika hata mara moja.

Akiwa anapanda pikipiki, Mama Justa kanikumbusha nije na nguo za kubadilisha. Nikamuuliza za nini. Kasema kwao Nkome kitu kipya huingia ziwani na aliyekileta, mpaka mahali ambapo nchi kavu haionekani.

Sijui kuogelea.

Nimemuuliza Mama Blessing kama kuku anaweza kuogelea. Amemchukua yule mwekundu, amemfungia chumbani, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga.